Kushoto: Kama Juu

Asubuhi ile shangazi yetu, muuguzi wa wodi ya mahututi, aliingia zamu akicheka. Msafishaji alikuwa amemtania kwamba stetoskopu yake imezeeka kuliko ndoa yake. "Angalau hii hainidanganyi," alimjibu.

Mgonjwa wa mashine ya kupumulia husikilizwa kifua kila saa, kulia kisha kushoto, na kinachosikika huandikwa kwenye fomu. Kazi ikizidi, wauguzi huandika "kulia: hewa inaingia", na chini yake, "kushoto: kama juu".

Miezi miwili nyuma, saa nne asubuhi, kwenye kitanda cha nne, shangazi aliandika "kama juu" bila kusikiliza. Mgonjwa alikuwa mzee, fundi cherehani. Mpira wa kooni ulikuwa umeteleza ndani mno, ukawa unapeleka hewa pafu la kulia peke yake. Mchana fundi akafariki. Hakuna aliyeuliza. Shangazi naye hakumwambia mtu.

Sasa kitanda kile kilikuwa na mama kijana, siku ya nne tangu ajifungue. Saa nne shangazi alimsikiliza kulia. Hewa ilipita vizuri. Akahamia kushoto.

Kimya.

Halafu, ndani ya kimya kile, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu cha mzee.

"Utaandika kama juu?" sauti ikanong'ona.

Mama yule alikuwa na mpira kooni. Hakuweza kutamka neno.

"Daktari," shangazi aliita. "Njoo usikilize kushoto."

"Dada, mbona oksijeni yake iko vizuri?"

"Sikiliza tu, mdogo wangu."

Daktari akainama. "Huku hakuna kitu kabisa." Akauvuta mpira nje kidogo, kama sentimita mbili. Kifua kikapanda pande zote mbili.

Shangazi alijifungia chooni akalia. "Nisamehe, baba," alisema, bila kujua anamwambia nani. Kisha akashuka chumba cha kumbukumbu kuchukua faili la fundi, ampelekee matroni, aseme yote.

Faili lilikuwa limefungwa kamba, na fundo lina vumbi. Akalifungua. Kwenye mstari wa saa nne, maneno "kama juu" yalikuwa yamekatwa kwa chaki ya buluu, ile ambayo mafundi huchorea kitambaa. Juu yake pameandikwa: kimya.

Akagusa. Chaki ikabaki kidoleni.

Alikiri siku ileile. Alinawa siku ileile pia, na miaka yote iliyofuata. Siku tulipomwosha kwa mara ya mwisho, sisi wanawake wa nyumba, tulikisugua kidole kile kwa sabuni, kwa zamu, mpaka tukaangaliana, tukaacha.