Beseni Mbele ya Kisanduku

Kila siku akitoka shule, Christa alishuka kutoka mtaa wa Kinama na chakula cha bibi yake, aliyelazwa hospitalini mjini. Alimlisha, akamfulia vitenge, kisha akatafuta pa kuning'iniza beseni la bati. Wodi nzima haikuwa na msumari. Wakubwa hawajui kama wagonjwa wana ndugu. Siku hiyo aliona kisanduku cheupe ukutani, chini karibu na mlango. Akatundika beseni hapo, likakifunika chote.

Punde bibi akaanza kuhema kwa shida. Kibanio cha kupima oksijeni kilichokuwa kidoleni mwake kikawaka taa nyekundu. Kilipaswa kuita kwenye kompyuta ya wauguzi, lakini kule kulikuwa kimya.

"Bibi! Niangalie, bibi!"

Midomo ya bibi ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Christa akatoka mbio peku, akipiga kelele. Muuguzi Bonfils akaja na oksijeni.

"Lete maji tumpanguse!"

Christa akaliteremsha beseni. Papo hapo kompyuta ya wauguzi ikaanza kulia. Akalitazama beseni, kisha kisanduku.

Bibi alipotulia, mkurugenzi aliingia akifoka, na Tajudini, fundi wa mtandao, nyuma yake. Mkurugenzi akamnyooshea kidole Consolate, mfanyakazi wa usafi.

"Wewe umechomoa waya wa kisanduku ukipiga deki! Leo ni mwisho wako hapa."

"Mimi, patron? Ata kugusa sijagusa!"

Tajudini akainama. "Waya uko sawa. Kuna kitu cha chuma kilikaa mbele, kikazuia mawimbi ya mtandao."

"Basi ni ndoo yake!"

Christa alilikumbatia beseni, meno yakigongana. Je, wakimfukuza bibi akiwa hivi? Akamtazama Consolate, aliyekuwa akilia.

"Apana," akasema. "Si yeye. Ni beseni yangu. Nilitundika hapo."

Mkurugenzi akafungua kinywa, lakini Tajudini akamtangulia.

"Mzee, nilichora kisanduku kikae darini, katikati ya ukumbi. Kisanduku kingine kiko nyuma ya chumba cha eksirei, na ukuta wake una madini ya risasi ndani, mawimbi hayapiti. Hiki ndicho pekee kinachofikia wodi hii. Mukasema waya mrefu wa nini, weka chini."

Mkurugenzi akaagiza waya mrefu uletwe.

Kabla ya giza kisanduku kilikuwa darini. Kwa kujaribu, Tajudini akachomoa kibanio kidoleni mwa bibi, na kule mwisho wa ukumbi kompyuta ikalia kwa nguvu. Christa naye akalia.

Consolate akamvuta kando. "Mutoto wangu, kutundika ulikosea kwa kutojua. Lakini ungenyamaza, mimi ningefukuzwa, na kisanduku kingebaki pale pale chini. Kesho mwingine angetundika sufuria yake, na bibi wa mwingine asingesikiwa. Ukweli unaogopesha, najua. Useme hivyo hivyo unatetemeka."

Kisha akatoa msumari na nyundo mfukoni mwa aproni.

"Na siku nyingine ukikosa pa kutundika, niulize mimi. Mwenye hospitali ni mimi. Hawa wengine wanapita tu."