Mti wa Kuanikia Nguo

Nguo za mtoto Lynnette zilianza kutoka kambani zikinuka tembo la mnazi. Mama yake, Nduku, alizifua tena, sabuni bila kipimo, akazianika juani. Alipozianua, harufu ni ile ile, na kola ina joto kana kwamba shati limevuliwa sasa hivi. Mumewe, Kioko, alicheka. Nyumba ya walokole, tembo litoke wapi?

Kisha mtoto akaacha kucheza. Kila jua likielekea kutua, alikwenda chumbani kwake akasimama kando ya kitanda, mikono imebana mbavuni, akiitwa haitiki. Nduku aliogopa, akaona haya kwa kuogopa, mwishowe akamwita jirani, Mama Nyevu, Mgiriama aliyezaliwa papo hapo Magogoni enzi za minazi na mikorosho mitupu, kabla ploti hazijauzwa na wenyewe kusogezwa mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Macho ya Mama Nyevu yalikuwa yameshafika uani, kwenye nguzo mbili za kamba, zilizochongwa nakshi. Akanong'ona, "Hicho ni kigango. Husimamishiwa mzee aliyekufa, roho yake ipate pa kukaa. Watu huhama, chenyewe hakihamishwi. Mlikitoa wapi?"

"Mafundi walikikuta wakichimba msingi," Kioko alijibu, kicheko kimemwisha. "Niliona mti mzuri, mchwa hawajaugusa."

"Basi kirudisheni leo hii, nami nitammwagia tembo, nimwombe radhi. Na hicho cha pili?"

Kioko alitazama chini. "Ni hicho hicho, mama. Nilikikata katikati."

Mama Nyevu alishika kichwa. "Mola wangu! Mumemvunjia nyumba. Shimo lake lilikuwa wapi?"

Nduku hakungoja jibu, maana jua lilikuwa linatua, akakimbilia chumbani, akamkuta binti yake amesimama pale pale kando ya kitanda, akamkumbatia kiunoni akavuta, akaita jina la Yesu, akavuta tena kwa nguvu zote alizopewa, na mtoto wa miaka minne hakuinuka hata kidogo, ila sakafu ilitoa mlio wa kupasuka, na Nduku alipotazama chini aliona miguu ya mwanawe imezama kwenye simenti mpaka vifundoni.

Lynnette aligeuza shingo taratibu. Pumzi yake ilinuka tembo, na sauti ilikuwa ya mzee.

"Nimechoka kuhamishwa," alisema. "Hapa ndipo pangu."