Maji Yasiyolazwa Ndani

Mtungi wa Bi Umulkheir haukupungua. Alichota kata ya kuoshea mchele, akachota ya chai, akarudi kutazama: maji yako pale pale, mdomoni.

Na maji yenyewe ni ya wapi? Huko nyuma ya kijiji cha Chundwa, kwenye mchanga mtupu, mvua ikinyesha hutokea kijito, kikapita siku chache, kikazama kama hakikuwako. Watu hufulia, hunywesha ng'ombe, lakini hawayalazi ndani. Yakibaki humwagwa nje kabla ya magharibi, kwa bismillahi, ili mwenye maji, yule asiyeonekana, ayafuate chini. Bi Umulkheir aliyajua hayo tangu ana meno ya utoto. Lakini jabia lake la maji ya mvua lilikuwa limepasuka, mumewe kafa, wanawe wako Mombasa, simu Idi kwa Idi. Nani angemtekea mengine? Akayalaza.

Kijito kilipokauka, nyumba ikaanza kunuka udongo mbichi. Kisha mtungini mtu akakohoa, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

"Bi, umekula?"

Alirudi nyuma hatua moja. Lakini alijibu. Kitambo hakuna aliyemuuliza.

Jirani yake, Bi Hindu, akawa asikia vicheko ukutani. "Shoga, umeolewa hukutualika?" Alipoingia akaona vidole vya mwenziwe vimesinyaa kama vya mfuaji nguo. Hakutania tena. Akamwita Mwalimu Harith, naye akasoma Kurani mpaka sauti ikamkauka.

"Kayamwage kijitoni leo," akasema kwa chini. "Mai haya yakilala tena, yatakunywa wewe."

Bi Umulkheir akajitwika mtungi akenda peke yake, jua la alasiri kali, hakuna ndege wala mbuzi, na kila hatua mtungi ukizidi uzito na ile sauti ikimnong'oneza, haimtishi, haimtukani, yamuuliza tu, "Ukinimwaga, jioni utazungumza na nani?", mpaka akafika, akautua mchangani, akauinamisha kidogo, akauinua, akakaa kitako muda mrefu akiukumbatia, kisha akajitwika tena akarudi nao.

Wenye ndimi wasema alirogwa. Mimi nasema alichoka kula peke yake.

Asubuhi Bi Hindu akapiga hodi. Kimya. Akasukuma mlango. Kitanda kimelowa chapa, mtu hayuko. Mtungini wawili walikuwa wakizungumza kwa chini, na mmoja akacheka, kicheko ambacho Bi Hindu alikijua tangu usichana.

Bi Hindu akakohoa.

Wote wawili wakanyamaza.