Walioingia Tarehe Thelathini na Moja

Msinidanganye eti mzimu hupenda giza. Huyu alikuja saa saba mchana, Tabora, mwaka sabini na nne, jua likiwa utosini. Kilichomtangulia ni harufu ya mahindi ya kuchoma, ndani ya ofisi isiyo na jiko.

Zamda aliishi peke yake na kufanya kazi peke yake. Siku nzima hana wa kumwamkia. Kazi yake ilikuwa kuiandikia kompyuta ya Dar es Salaam amri za kuchuja orodha ya waliohamishiwa vijijini: toa waliofika kati ya tarehe hii na ile, wapewe mahindi. Amri hupanda treni, orodha hurudi na treni.

Ya Oktoba aliandika: kuanzia tarehe 1, chini ya 31. Masikini, mashine haikisii! Ikawaacha wote waliofika tarehe 31 yenyewe. Habari zikaja kutoka kijiji cha Usinge: Bibi Sikuzani, aliyeshushwa kwenye lori siku hiyo bila mwana wala mjukuu, amekufa kwa njaa.

Kesho yake harufu ile ikaingia, kiti cha wageni kikakwaruza sakafu, kikasogea, kikasogea tena, hadi kikagusa meza, na mdomo wa Zamda ukaropoka ulichofundishwa utotoni.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu,” sauti ya kikongwe ikaitikia kutoka kwenye kiti kitupu. “Umekula?”

Alikimbia hadi mtaa wa Ng'ambo, kwa mganga Yahaya, akamsimulia yote.

“Ni bibi yule, hakuhesabiwa,” Yahaya alinong'ona. “Rekebisha amri yako, nami nitamtoa. Ila usimzoee!”

Zamda akaandika upya: isizidi 31. Waliosahaulika wakapata mahindi. Yahaya akafukiza ubani, akasoma, akaondoka. Kiti kikatulia.

Kikatulia mno. Wiki tatu hakuna aliyemuuliza kama amekula. Jamani, upweke ulimuuma kuliko ile hofu, akawa anakaa akikitazama kiti, chakula kinapoa.

Ilipofika amri ya Desemba, aliandika: isizidi 31. Akainua macho, akakitazama kiti. Akakata. Akaandika: chini ya 31. Alijua anachofanya, msimtetee. Akaipeleka stesheni mwenyewe.

Januari, saa saba, harufu ikarudi. Zamda alitabasamu, akavuta kiti.

“Shikamoo, bibi.”

Sauti zilizoitikia marahaba zilijaa chumba kizima.