Vigingi Vitatu vya Kigango

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Okal akavuta kamba, ukatoka moshi mtupu. Akavuta tena, akachungulia nyuma ya boti, akatukana kwa Kijaluo, kisha akamtazama Mama Justa na kuomba radhi.

"Magugumaji," alisema. "Yamejisokota kwenye pangaboi, hata kisu hakipiti."

"Si nilisema tusipite huku?" Mama Justa alijibu. "Nilisema pale Mwaloni kabla hatujapanda. Nikasema tena tulipoiacha Kirumba. Mlitaka niimbe?"

Walikuwa wanne katika boti ile, na watatu waliobaki walikuwa wamekwisha kujifunza kutomjibu.

Ilikuwa siku ya pili ya semina ya viongozi wa vijiji juu ya mabonde ya mafuriko na sheria zake. Washiriki wengine walikuwa wamevuka kwa kivuko kwenda upande wa Sengerema, wakapanda basi, wakawa wanasubiri kwenye shule ya msingi iliyo kilimani. Lakini Jonathan, mwezeshaji kutoka mjini, kijana mwenye viatu vyeupe na ramani ndani ya mfuko wa nailoni, alitaka kuuona mdomo wa mto Isanda kwa macho yake. Basi akamkodi Okal na boti yake, akawachukua na wenyeji wawili. Mmoja ni Masele, mtendaji wa kijiji. Wa pili ni Mama Justa, mwenyekiti wa kitongoji, mjane wa miaka hamsini na minne mwenye rozari shingoni na jicho lisilopitwa na kitu.

Chini ya ubao wa mbele palikuwa na gunia la jaketi za kujiokolea, mpya kabisa, limefungwa kwa utepe wa bluu.

"Mtendaji, fungua hilo gunia tuvae," alisema Mama Justa.

"Mama Justa, hizo zinazinduliwa kesho. Mgeni rasmi akifika, atakata utepe gani?"

"Atakata sanda zetu."

"Ratiba imesema kesho, Mama. Mimi siandiki ratiba."

Mama Justa akafumba macho, akamwomba Bikira Maria ampe subira. Alipofumbua aliona maji yamebadilika rangi. Ziwa lilikuwa la kijani asubuhi nzima. Sasa ulimi wa maji mekundu kama udongo wa tofali ulikuwa unatoka mtoni, umebeba matawi. Matawi yale yalikuwa na majani mabichi. Juu yao jua lilichoma bila wingu, lakini upande wa vilima vya Geita mbingu ilikuwa nyeusi tangu alfajiri.

"Mwanangu," alimwita Jonathan. "Jana ulitufundisha kwamba mvua inanyesha kwa jirani, maji yanakuja kwako."

"Ndiyo, Mama Mwenyekiti. Umeshika vizuri."

"Ulisema yanachukua saa ngapi?"

"Kwa mto kama huu, saa sita hivi."

"Kule imeanza kunyesha saa kumi na moja. Sasa ni saa tano. Hesabu."

Jonathan akaanza kuhesabu kwa vidole. Hakumaliza. Mto ulitoa mngurumo kama gari la mawe linalomwaga mzigo, ukashuka na povu, magogo na nusu ya paa la nyasi. Okal aliruka mbele, akaukata utepe kwa kisu.

"Mtendaji, nimezindua!" alipiga kelele, akawatupia jaketi moja moja.

Mama Justa aliwahi kuingiza mikono miwili tu. Gogo liliipiga boti ubavuni, ikapinduka. Alimeza maji, akatapika, akameza mengine. Alishika mafunjo, yakamkata viganja. Akashika tena, safari hii akang'ang'ania. Aliporudi juu alimwona Okal amelala kifudifudi juu ya boti iliyogeuka, maji yakimpeleka ziwani kwa kasi, mkono mmoja juu akiwaonyesha kitu. Kama alisema neno, halikusikika.

Masele alimvuta Mama Justa kwa mkanda wa jaketi, naye akamvuta Jonathan kwa kola. Wakatambaa juu ya tuta la majaruba ya mpunga, watatu, wakihema kama ng'ombe waliotoroka.

"Mguu," alisema Jonathan.

Mti uliozama ulikuwa umemchana kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Kiatu cheupe kimoja hakikuwapo. Cha pili kilikuwa chekundu. Mama Justa akararua kitenge chake upande wa pindo, akakunja kipande akakibana juu ya jeraha, akafunga kwa kingine.

"Kinabana?"

"Kinauma."

"Sikuuliza kama kinauma. Vidole unavisikia?"

"Navisikia."

"Basi inuka."

Maji yalikuwa yamefika juu ya tuta. Pale waliposimama yaliwafika vifundoni, yakiwa vuguvugu na yenye harufu ya zizi. Simu zote tatu zilikuwa zimekufa. Jonathan akaitoa ramani, ambayo pekee kati ya vitu vyao vyote ilikuwa kavu, akaitandaza kifuani.

"Tupo hapa," alisema. "Angalieni, lile bati linalong'aa, nyuma ya vile vigingi vyekundu. Mita mia nne tu. Ng'ambo ya vigingi maji ya mafuriko hayafiki. Ndiyo maana vikawekwa."

"Kwa mujibu wa ramani," Masele alidakia, bila kumtazama mtu.

Mama Justa aliinamisha macho kwenye matope.

Lile bati lilikuwa la kigango chao, kanisa dogo la kitongoji. Na vigingi vile vitatu, miaka miwili iliyopita, havikuwa pale. Wapimaji walikuwa wamevichimbia mbali juu, chini ya kilima, hatua mia tatu ng'ambo ya mkondo wa zamani wa mto. Kisha muumini mmoja akakitolea kigango shamba lake la bondeni, na paroko akasema hatabariki jengo ndani ya eneo lililokatazwa. Basi Jumamosi moja asubuhi, baada ya rozari, Mama Justa na Masele na katekista Antoni walikwenda na majembe. Walisali kwanza. Waliomba Mungu abariki kazi ya mikono yao, kana kwamba Mungu haoni kigingi. Wakaving'oa vitatu, wakavishusha na kuvichimbia kati ya shamba lile na mto. Waliokuja kuchora ramani mwaka jana walipima kuanzia pale walipovikuta, na paroko akaja na maji ya baraka.

"Twende basi," alisema Jonathan, akamwekea Mama Justa mkono begani.

Mama Justa akaenda. Alijiambia kwamba kuta za kigango ni za tofali za kuchoma. Alijiambia kwamba nyumba ya Mungu haiwezi kuachwa. Alihesabu hatua, na kila hatua ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia, na maji yakapanda kutoka vifundoni hadi kwenye mashavu ya miguu. Jonathan aliinama, akachota kwa kiganja.

"Usinywe!" Mama Justa alimpiga mkono. "Hayo yamepita kwenye vyoo vyote tangu huko juu." Alikuwa na chupa ndogo kwenye mkoba aliojifunga kiunoni. "Mafundo mawili. Mtendaji, nimesema mawili, siyo manne!"

Walipofika katikati, kitu cha mbao kilikuja kikielea kutoka mbele, kikizunguka polepole. Mama Justa alikitambua kabla hakijafika. Lilikuwa benchi la kwaya. Lilikuwa linatoka upande wa kigango, linawajia.

Alisimama.

"Tusiende huko."

"Mama, tumebakiza mita mia mbili," alisema Jonathan.

"Mama Justa," Masele alinong'ona kwa meno yaliyokazwa. "Tuliapa."

"Niliapa. Mungu anisamehe kwa kiapo, na anisamehe kwa kukivunja. Mwanangu, vile vigingi ni vya uongo. Mimi ndiye niliyevishusha. Kwa mikono hii. Nyuma ya kigango kuna mkondo wa zamani, na mto ukifura unaukumbuka. Tukifika pale tutakuwa na mto mbele na mto nyuma."

Jonathan alimtazama, akaitazama ramani, akamtazama tena.

"Jana," alisema, "jana saa tatu nzima nimefundisha habari ya vigingi. Ulikuwa umekaa mstari wa mbele. Ulikuwa unaandika!"

"Niliandika."

"Ulinyoosha mkono ukasema wananchi wa chini ndio hawaelewi!"

"Nilisema."

"Sasa mimi nifanye nini na watu kama nyinyi?"

"Kwanza geuka," alisema Mama Justa. "Utanigombeza tukipata pa kukaa. Kulia kwetu kuna kichuguu kikubwa chenye mgunga. Nimelima hapa nikiwa msichana, nakijua. Mtendaji, mshike upande wa pili."

Zilikuwa kama hatua mia na hamsini, na hakuna hata moja iliyokuwa nyepesi. Maji yalifika mapajani, kisha kiunoni. Mkondo uliwasukuma kwa ubavu, ukawa unawapotosha. Mara mbili Mama Justa alikosa tuta akazama hadi kidevuni, jaketi ikamrudisha. Jonathan aliacha kugomba. Meno yalimgongana na uso wake ukawa wa rangi ya majivu. Nyuma yao pakasikika mlio mrefu wa bati likichanika, halafu kishindo. Mama Justa hakugeuka. Alijua ni nini.

Kichuguu kilikuwa kimebaki juu ya maji kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Wakamsukuma Jonathan juu, mguu wake wakauegemeza kwenye shina ili uwe juu zaidi ya moyo. Upande wa pili wa shina, panya sita walikuwa wamejikunyata, na mbele yao swila mweusi amejizungusha, hawagusi.

"Asijongee mtu," alisema Mama Justa.

"Naye amekuja semina," alisema Masele, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kwikwi. "Ungenyamaza, Mama Justa. Wangelaumu mto tu. Sasa tutafukuzwa wote."

"Ningenyamaza ungekuwa umefukuzwa duniani. Shika tawi."

Walikaa hivyo, mgongo kwa mgongo, jua likiwachoma upande mmoja na nguo zikiwagandamia upande mwingine. Mama Justa alisali rozari nzima kwa sauti ya chini, akaongeza sala ya Nakuungamia, akaisema mara tatu. Maji yalipanda vidole viwili, yakasimama. Yalipoanza kuacha mstari wa takataka kwenye udongo, alijua yamegeuka.

Jua lilikuwa limeinama waliposikia filimbi. Okal alikuja na mtumbwi wa wavuvi wawili waliomkuta ziwani, wakisukuma kwa pondo kati ya majaruba.

"Nilikuwa nawaonyesha kichuguu kwa mkono!" alipiga kelele kutoka mbali. "Ninyi mkaenda kushoto! Mlifuata nini huko?"

"Ujinga," Mama Justa alijibu. "Leta mtumbwi upande huu, huko kuna nyoka."

Kilimani, kwenye baraza ya shule, washiriki wote wa semina na nusu ya kijiji walikuwa wamesimama. Muuguzi wa zahanati alimlaza Jonathan kwenye meza ya mwalimu, akaanza kuosha jeraha. Hakuna aliyekufa, ilikuwa siku ya kazi, kigango kilikuwa kitupu. Katekista Antoni alikuja mbio, machozi machoni, akamshika Mama Justa mikono yote miwili.

"Kimeanguka chote, Mama. Lakini tusikate tamaa. Shetani anatujaribu. Nimeshaongea na wazee, tutajenga palepale. Sheria inaruhusu, tuko nyuma ya vigingi."

Mama Justa aliichomoa mikono yake. Alikuwa amelowa, amechoka, viganja vinamwaka, na alihisi kwamba hata mafuriko hayakumchosha kama sentensi ile. Akageuka, akapanda juu ya ngazi ya baraza mahali ambapo wote wangemwona.

"Sikilizeni," alisema. "Sisemi mara mbili. Vile vigingi tulivihamisha. Mimi, huyu Antoni, na mtendaji. Wapimaji walikuwa sawa, sisi ndio tulikosea, na leo karibu nimuue mtoto wa watu kwa kukaa kimya. Anayetaka kunivua uenyekiti aje kesho asubuhi, nitakuwa nyumbani. Lakini bondeni hatujengi tena. Siyo kanisa, siyo banda la kuku."

Masele alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Kutoka juu ya meza Jonathan aliinua kichwa, akamtazama, akakilaza tena.

"Basi tujenge wapi?" Antoni aliuliza kwa sauti ndogo.

"Huku juu. Kwenye shamba langu la mihogo."

"Mama, huku ni mbali. Ni mlima. Wazee watafikaje ibada ya saa moja?"

"Wataondoka saa kumi na mbili," alisema Mama Justa, akashuka kwenda kutafuta nguo kavu.