Kitu Kifuani mwa Pindo

Pindo aliinua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani, lakini sauti ya kushona haikukoma.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na mle kibandani walikuwa wawili tu, yeye na dada yake, aliyemlea tangu mama yao afe ghafla. Dada mtu akatazama cherehani zote mbili. Zimetulia. Akasogea, akatega sikio. Sauti ilitoka kifuani mwa mdogo wake, mbio mbio, pamoja na harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi.

"Dada, kuna mtu humu," Pindo alinong'ona.

"Nyamaza. Umezidisha kahawa tu."

Hospitalini daktari alisema moyo hukimbizwa na mengi: homa, upungufu wa damu, tezi ya shingoni, hofu, hata urithi. "Mbio za vyumba vya juu vya moyo huweza kutulizwa kwa kuzamisha uso kwenye maji baridi. Za vyumba vya chini huua. Akilegea au akikosa pumzi, usijaribu chochote. Mlete."

Mara ya kwanza beseni la maji baridi lilifaa. Kitu kilimtoka Pindo puani kama mvuke, mlango ukajibamiza, moyo ukatulia. Dada mtu akavimba kichwa.

Wiki iliyofuata, adhuhuri, kilirudi. Pindo alilegea juu ya gauni la mteja, midomo imempauka, na harufu ya kuungua ikajaa kibanda kizima ilhali pasi haijawashwa, na ile sauti ikazidi kasi hadi mikasi ukutani ikatetemeka na vifungo vikaanza kudondoka mezani kimoja kimoja.

Dada mtu akaweka sikio. Fundi wa miaka ishirini huujua mshono uliopotoka bila kuutazama. Huu wa kifuani ulinyooka, haukuruka hata tundu moja. Ni mbio zile zile za vyumba vya juu, akajiambia. Ule ulegevu aliuona, akaupuuza.

"Nipeleke, dada."

"Subiri kidogo, mdogo wangu. Maji tu."

Akamzamisha uso. Sauti ikakoma. Akashukuru, akamlaza mapajani, akasikiliza kifua akingojea pigo linalofuata. Halikuja. Akalitafuta shingoni, akalitafuta kwenye kifundo cha mkono. Hakuna. Akaangua kilio, maana alijua ni yeye aliyemchelewesha.

Mkono wa baridi ukampapasa kichwani.

"Usilie," mdomo wa Pindo ukasema, bila kuvuta pumzi. "Nitakuwa nakuita dada, kama yeye."