Sindano Hajafunga Duka

Lifti ilikwama saa sita mchana kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ikiwa na watu wanane na gauni moja la harusi. Gauni lilikuwa mikononi mwa fundi cherehani wa ghorofa ya sita, dada mwenye blauzi ya njano na mdomo usio na breki. Jengo zima lilimwita Sindano.

"Humo ndani, tulieni! Msibonyeze kitu!" sauti ya kiume ilitokea juu.

"Nani kabonyeza? Tutoe kwanza, mahubiri baadaye! Bibi harusi ananisubiri!"

"Lo! Na mimi nina bahati, sauti tamu hivi imekwama kwenye lifti yangu."

Watu wakacheka, jasho likiwatiririka. Milango ilipofunguliwa, alisimama pale jamaa mrefu, ovaroli ya buluu imejaa grisi, ananyoosha mkono.

"Usiguse gauni!" Sindano akamfokea. "Nishike mimi."

Akamshika. Ndivyo yalivyoanza, wala sitawadanganya kwamba kulikuwa na la ajabu zaidi. Kwa urefu wa yule fundi lifti, Sindano akambatiza jina la Ghorofa, na simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nina pini mdomoni, nitakulaje?"

"Zitoe basi uniambie unanipenda."

"Nikizitoa nitakuchoma nazo."

Miezi saba ya raha. Kisha titi la kushoto la Sindano likaanza kuwasha. Likawa jekundu, la moto, zito. Daktari wa zahanati hakuinua hata macho. "Maambukizi tu. Huna kinundu. Meza hivi siku kumi." Akameza. Hakupona, akarudi, akapewa vidonge vingine.

Sasa, mtu anayepima vifua vya watu kutwa nzima, utamdanganya nini kuhusu kifua chake? Alijipima kwa tepu, akaandika. Baada ya wiki tatu upande wa kushoto ulikuwa umeongezeka sentimita tatu, wa kulia uko vile vile. Kesho yake akaenda hospitali kubwa, daftari mkononi.

Daktari wa huko, mama mmoja mwenye miwani, alisoma zile namba. Akatazama ngozi iliyojaa vitobo kama ganda la chungwa, na chuchu iliyoingia ndani. Hakutaja maambukizi. Alikata kipande kidogo cha ngozi, kikapelekwa maabara.

Majibu yalipotoka, Ghorofa alikuwa amekaa kando yake.

"Ni saratani ya titi, ya aina adimu," daktari alisema. "Haifanyi kinundu, ndiyo maana inawapita wengi. Inaziba mirija midogo chini ya ngozi, titi linavimba na kuwa jekundu. Na inakimbia sana."

"Inakimbia kuliko mimi?"

"Tukianza wiki hii, tutaifukuza. Kwanza dawa za dripu, kama miezi sita, ipungue. Halafu upasuaji, tunatoa titi lote. Halafu mionzi."

"Lote?"

"Lote, mwanangu."

Sindano alilia palepale kitini, kwa sauti, bila kumwonea mtu haya. Alipomaliza akapangusa pua. "Haya. Wiki hii, siku gani?"

Dripu ya kwanza ilimlaza siku mbili. Ufunguo wa duka alimwachia Ghorofa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mafundi lifti wana sheria moja: chombo kikipata hitilafu, funga, weka kibao, ondoa watu. Basi bwana yule, kwa mapenzi yake yote, akabandika kibao mlangoni: FUNDI ANAUMWA, CHUKUENI VITAMBAA VYENU. Akavigawa vyote mwenyewe, kimoja kimoja.

Siku ya tatu Sindano akapanda dukani, kichefuchefu kimemkaba, akakuta rafu tupu.

"Vitambaa viko wapi?"

"Nimewarudishia wenyewe, mpenzi. Upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Lakini dawa..."

"Dawa imenikata mikono? Umegawa urithi wangu nikiwa hai! Mimi siyo lifti, Ghorofa, unifungie kibao!"

"Nilikuwa nakutunza."

"Ulikuwa unanizika! Lete ufunguo. Toka!"

Akatoka, kichwa chini. Sindano akalalia cherehani akilia, maana alimpenda yule mtu, na hasira haikuwa imepunguza kitu. Kisha akachukua simu.

"Mama, mimi fundi wako. Rudisha kitambaa. Ndiyo, naumwa. Mikono haiumwi."

Wengine walirudisha, wengine wakajidai kumwonea huruma. Nywele zikang'oka, akashona vilemba vya mabaki, kila blauzi na chake. Wiki ya dripu alilala hoi, wiki zilizofuata alikaa kwenye cherehani. Wekundu ukafifia, titi likalainika, daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Simu za Ghorofa hakuzipokea.

Shangazi aliyemlea alimjia na ushauri. "Mwite yule kijana akuoe haraka, kabla ya upasuaji. Maana baadaye nani..."

"Malizia, shangazi."

Shangazi akajifanya anakunja kitambaa.

"Siolewi mbiombio kama mtu anayeaga," Sindano alisema, akakanyaga pedeli.

Wiki moja kabla ya upasuaji Ghorofa alisimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, macho mekundu.

"Niingie?"

"Mlango uko wazi, wateja wanaingia."

"Nilikosea. Niliogopa, nikafanya ninachokijua. Sikukuuliza. Leo nakuuliza: utaolewa na mimi?"

Cherehani ikanyamaza. "Shangazi kakutuma?"

"Alitaka iwe kabla ya upasuaji, nikamkatalia. Siku utapanga wewe, hata mwaka kesho."

"Unajua linatoka lote?"

"Najua."

"Halirudi, Ghorofa."

"Sikuja kulichumbia titi."

Sindano alicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Lakini jibu hakutoa. "Nitakujibu nikiwa tayari. Shika huu upindo, nikunje."

Akashika mpaka jioni.

Asubuhi ya upasuaji, muuguzi alisimama kando ya kitanda cha magurudumu na fomu yake. Sindano alikuwa ndani ya gauni la hospitali, ambalo alikwisha kulilaumu mshono mara tatu. Shangazi alimshika mkono. Ghorofa alisimama miguuni pa kitanda.

"Huyu shangazi nimeshamwandika. Na huyu bwana ni nani wako?"

Ghorofa akamtazama Sindano. Angesema nini? Hakuwa amejibiwa.

"Mchumba wangu," Sindano alisema. "Tunaoana mionzi ikiisha. Andika."

Muuguzi akaandika.

"Dada, hiyo penseli inafutika," Sindano alimwambia. "Tafuta kalamu ya wino."